Upepo wa Kusi Ulipovuma Kidogo

Somo: Matendo 27:9–44

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usomaji wetu wa Matendo ya Mitume umefika sura ya 27, sura ya bahari. Nilipoombwa niandike tafakari nilidhani nitaandika juu ya malaika aliyemtokea Paulo usiku. Lakini kila nikisoma narudi kwenye mistari ya mwanzo, pale merikebu ingali imetia nanga Bandari Nzuri, kule Krete, na watu wanabishana: tung'oe nanga au tungoje? Mabishano hayo nayajua. Nilikaa ndani yake siku tatu, mwaka 2021, na baadhi yenu mnaosoma hapa mlikaa nami.

Ilikuwa Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili. Mama yangu alikuwa amepigwa na kiharusi wiki mbili kabla, nyumbani Kisauni, Mombasa, si mbali na Kengeleni. Mimi nilikuwa huku Uingereza, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Tiketi ya Jumanne nilikuwa nayo. Sanduku lilikuwa limesimama karibu na mlango, juu yake sweta mbili za mama na pakiti ya soksi nzito, maana ndugu yangu alisema mguu wa kushoto umekuwa baridi. Siku zile za korona kutoka Uingereza kwenda nje bila sababu ya msingi lilikuwa kosa, na faini yake ilifika paundi 5,000, lakini kumwona mzazi mahututi ilikuwa sababu halali. Fomu nilishaijaza. Mlango ulikuwa wazi.

Jioni ile habari ikaja: kuanzia saa kumi alfajiri ya Ijumaa tarehe 9, Kenya ingeingia kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, ile ya nchi ambazo wasafiri wake walizuiwa kuingia kwa sababu ya korona, pamoja na Pakistan, Bangladesh na Ufilipino. Sisi wakazi tungeruhusiwa kurudi, ila kupitia hoteli ya karantini: siku kumi chumbani, vipimo siku ya pili na ya nane, na malipo ya paundi 1,750. Hizo zilizidi mshahara wangu wa mwezi. Siku chache baadaye Kenya nayo ikasimamisha ndege za abiria kati yake na Uingereza kwa wiki nne. Kwa hiyo mtu angeweza kufika nyumbani asijue atarudi lini wala kwa njia gani.

Simu yangu haikunyamaza. Wakala aliyeniuzia tiketi alinihimiza niende upesi kabla milango haijafungwa, na kama nataka kubadilisha tarehe nilipe sasa, bei zinapanda. Mpendwa mmoja aliniletea Isaya 43, upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe. Mwingine akaniandikia kwamba woga hautoki kwa Mungu na kwamba mtoto mwenye imani haulizi bei ya hoteli mama yake akiwa kitandani. Neno hilo lilinichoma na bado lina kovu.

Sasa tazameni merikebuni. Akida Yulio, askari anayempeleka Paulo Rumi akiwa mfungwa, ana watu wa kumshauri. Yupo nahodha, yupo mwenye merikebu, na hao wawili wana ngano ya Iskanderia ndani, mzigo unaongoja soko la Italia. Siwasemi vibaya, lakini mwenye shehena huihesabu hatari kwa vidole vyake mwenyewe. Kisha kuna wengi, na wengi wanasema bandari hii si nzuri ya kukaa wakati wa baridi, twende Foinike, bandari nyingine ya Krete. Luka anatuambia saumu ilikuwa imekwisha kupita, yaani ile siku ya Upatanisho ya Wayahudi, na kwa mabaharia wa bahari ile hiyo ilikuwa dalili kwamba msimu wa safari unafunga. Paulo peke yake anasema hapana. Anasema safari hii itakuwa na hasara, si ya shehena na merikebu tu, bali na ya maisha yetu.

Ni nani huyu anayesema tungoje? Ni yule ambaye Bwana alisimama karibu naye usiku kule Yerusalemu akamwambia imempasa kushuhudia Rumi pia (Matendo 23:11). Ahadi ya Rumi anayo. Anajua atafika! Angekuwa mmoja wetu angesema, ng'oeni nanga, mimi nina neno la Bwana, merikebu hii haizami. Badala yake anaangalia kalenda, anaangalia bahari, anahesabu watu. Kwake ahadi ya kufika haikuwa ruhusa ya kuondoka leo. Nilisoma hayo usiku wa Jumamosi ile, nikiwa nimekaa kwenye ngazi kwa sababu kitandani usingizi haukuja, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kuuliza maswali ya kibinadamu kuhusu safari hakukuwa kumkana Mungu.

Halafu mstari wa 13. Upepo wa kusi ukaanza kuvuma kidogo, wakadhani wamepata walichokitaka. Sisi wa Pwani mstari huu unatuhusu. Tumekulia kwenye hadithi za majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Uarabuni kuanzia Desemba, yakangoja kusi ya Aprili yapate kurudi. Na tunajua pia kwamba kusi ile ile ikifika Juni na Julai bahari huchafuka, vyombo hupandishwa ufuoni, na nahodha mwenye akili hukaa barazani akashona tanga. Nahodha wa aina hiyo hawezi kuona upepo mzuri wa asubuhi moja akauita msimu. Wale wa Krete waliuita. Haukupita muda mrefu tufani iitwayo Eurakilo ikawashukia kutoka kisiwani.

Mimi pia nilikuwa na upepo wangu wa asubuhi moja: tiketi mkononi, fomu iliyojazwa, siku tatu kabla ya mlango kufungwa. Nilitaka sana kuuita huo sauti ya Mungu.

Kazini nilikuwa na mwenzangu wa Lamu, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Nilipomweleza aliniambia kisa cha Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, yaani nchi ya Siria, akasikia kwamba tauni imeingia huko. Umar akaamua kurudi, na Abu Ubayda, jemadari wake, akamuuliza, unakimbia kadari ya Mungu? Akajibu, naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf na neno alilolisikia kwa Mtume wao: mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia. Nimelielewa neno hilo polepole. Anayezuiwa kutoka hazuiwi kwa ajili yake, ni kwa ajili ya wale ambao angewafikia.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipobadilika. Luka hakutuandikia hasara ya mtu mmoja, alituandikia idadi: roho 276 katika merikebu. Nikaanza kuhesabu wangu. Mgeni wa Ulaya hapokelewi na mtu mmoja. Ningefika Kisauni, shangazi wangekuja, majirani wangekuja, watoto wa dada yangu wangenirukia, na wote wangeingia chumba kile kimoja alimolala mama. Chanjo za kwanza zilikuwa zimefika Kenya mwezi mmoja tu kabla, na mama hakuwa amechanjwa. Na upande wa huku kulikuwa na mzee wa chumba namba 9, ambaye alikula kwa mkono wangu tu, akimwona mwingine anafunga mdomo. Mwaka 2020 nilishatandika vitanda vya waliokuwa wamekufa, nikafungua madirisha na kuandika majina kwenye masanduku ya nguo zao. Nilijua ninachohesabu.

Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada ya mtandaoni, nilimpigia ndugu yangu nikamwambia siji. Alikaa kimya. Kisha akasema, "Sawa, dada," akageuza simu nimwone mama. Uso haukuonekana vizuri, taa ilikuwa nyuma yake. Nilichoona ni mkono wa kulia ukisugua pindo la leso kati ya kidole gumba na cha shahada, kwenda na kurudi, kama anavyofanya tangu nikiwa mtoto akiwa na jambo moyoni.

Wapendwa, sitaki mtu asome hapa kwamba waliosafiri walikosa. Kuna ndugu yetu katika ushirika huu aliyeondoka Jumatano ya wiki ile ile. Baba yake alifariki Alhamisi. Amri ya Kenya wakati huo ilikuwa maziko ndani ya saa 72, na yeye kwa kuwa alikwishafika alishika jeneza la baba yake kwa mikono yake. Angengoja kama mimi, asingewahi. Aliporudi alilipa hoteli na akakaa siku zake kumi akitazama maegesho ya magari. Alikuwa na mzigo wake na watu wake wa kuhesabu, na Mungu ndiye anayejua alivyohesabu.

Ninalotaka kuungama ni hili. Tulipochangishana kumsaidia bili ya hoteli, mimi nilichelewa kutoa. Si kwamba sikuwa na kitu, pesa ya tiketi niliyorudishiwa nilikuwa nayo. Moyoni nilisema, alijitakia. Mimi nimebaki na uchungu wangu, yeye amekwenda amemzika baba, sasa tumlipie na kitanda? Nilitoa siku ya mwisho, na nilitoa kidogo.

Mtazameni Paulo siku ya kumi na nne. Aliwaonya hawakusikia. Amelowa, amefungwa, yuko kwenye dhoruba ambayo hakuichagua. Mara moja anawaambia, ingewapasa kunisikiliza, na hasemi tena. Jua na nyota hazijaonekana siku nyingi, watu hawajala. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele yao wote, anaumega, anaanza kula, nao wakachangamka wakala. Nahodha alikuwa mle, na mwenye merikebu, na wale wengi waliopiga kura ya kuondoka. Hakumruka mtu. Hapo ninakwama kila ninaposoma, kwa sababu mimi nilikuwa na mkate na nikauficha.

Ndugu yule nimeshamwomba msamaha. Alicheka, akasema hakujua.

Kenya ilitolewa kwenye orodha nyekundu tarehe 22 Septemba. Nilifika Mombasa mwezi wa Oktoba, wiki ambayo kafyu iliondolewa, siku ya Mashujaa. Mama alikuwa amekaa kibarazani, amevaa moja ya zile sweta nilizokuwa nimezituma kwa posta, kwenye joto lile. Mguu ulikuwa na nguvu kidogo. Kichwa ndicho kilichokuwa kimekwenda mbali. Alinitazama kwa muda mrefu, pindo la leso mkononi, akatabasamu, akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki mimi nikiwa darasa la tatu.

Ndugu yangu akafungua mdomo kumsahihisha. Nikamzuia kwa mkono, nikapiga magoti pale chini, nikaitika, "Abee."