Lita Moja ya Mama

Jana baada ya Isha umeme ulikatika mtaani kwetu. Haukukaa sana, ulirudi kabla ya saa nne, lakini jirani wa upande wa kisimani alikuwa keshawasha jenereta, na upepo ukaileta ile harufu mpaka ukumbini: petroli mbichi iliyodondokea bati la moto. Binti yangu akaziba pua. Mimi nikajikuta nanusa vidole.

"Baba, umeshika nini?"

Sikushika kitu. Nilikuwa nimesharudi Jang'ombe, barazani kwa ami, usiku wa Jumapili tarehe 28 Februari 2010.

Ami alikuwa na duka pale Jang'ombe, mjini Unguja. Nitakwenda mbio kidogo. Unguja haikuwa na umeme tangu tarehe 10 Disemba 2009. Waya uliopita chini ya bahari kutoka bara haukuwa ukileta kitu, na pampu za maji nazo zikanyamaza, tukarudi kwenye visima na ndoo kama zamani za bibi zetu. Aliyeishi siku zile hahitaji kuhadithiwa. Mama alikuwa akiuza barafu za ubuyu na za ukwaju kwa watoto wa chuo cha Kurani, na friza lake lilikaa dukani kwa ami kwa sababu ndiko kulikokuwa na jenereta. Mapatano yalikuwa hivi: ami anawasha kwa mafuta yake kuanzia saa mbili mpaka saa tano za usiku, na Mama akitaka barafu zigande sawasawa, anatia lita yake mwenyewe alfajiri. Kidumu chake cha manjano kilikuwa nyuma ya magunia ya mchele. Ufunguo wa duka nilikuwa nao mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikilala humo kulinda.

Usiku ule ulikuwa na fainali ya magongo ya barafuni ya Olimpiki, kule Vancouver. Kanada na Marekani. Kwao ilikuwa mchana, kwetu ilianza saa tano na robo, wakati ambao jenereta la ami huzimwa.

Mapenzi yangu na mchezo ule yalianzia kwenye jezi. Nilipokuwa nafanya kazi nyumba ya wageni Shangani, mgeni mmoja kutoka Calgary, Kanada, aliniachia jezi nyekundu ya timu yao ya magongo ya barafuni, Calgary Flames, nambari 12, mgongoni imeandikwa Iginla. Nikamuuliza, jina hili mbona halina sura ya kizungu? Akanambia baba wa mchezaji huyo katoka Nigeria, na kwa Kiyoruba Iginla ni mti mkubwa. Jarome Iginla, kazaliwa Edmonton mwaka 1977, kapteni wa timu yake, na mwaka 2002 kule Salt Lake City alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kupata dhahabu katika Olimpiki ya baridi. Alifunga mawili katika fainali ile, Kanada ikashinda 5 kwa 2, na waliofungwa ni hawa hawa Wamarekani. Basi. Tangu siku ile nilikuwa nikiingia kwenye intaneti kafe pale Darajani kutafuta kafunga mangapi, kama wenzangu walivyokuwa wakitafuta matokeo ya Arsenal. Nilijua kwamba mwaka 2004 aliifikisha Flames fainali ya kombe lao, Stanley Cup, wakashindwa na Tampa Bay kwenye mechi ya saba, ya mwisho. Yaliniuma wakati ambapo hata theluji sijaiona.

Sote barazani tulikuwa wanne. Mimi, vijana wawili ambao hawakuwa na pa kwenda kwa joto, na Maalim. Maalim alicheza magongo ya nyasi ujanani mwake, Mnazi Mmoja, na kila akipata nafasi alituhadithia timu ya Tanzania iliyokwenda Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Tulichanga fedha tukanunua lita moja na nusu, nikazitia kwenye tangi, tukaitoa televisheni nje, tukaigeuzia ukutani ili mwanga usiite mtaa mzima.

"Hawa mbona wanabadilishana kila mara?" Maalim akauliza. "Huyu kaingia sasa hivi tu."

Nikamweleza kwamba mtu akikimbia juu ya vile viatu vya chuma kwa nguvu zake zote, haifiki dakika moja kashachoka, basi hutoka mwenzake akaingia bila ya mchezo kusimama. Timu moja ina watu sita uwanjani pamoja na kipa. Kinachopigwa si mpira wa duara bali ni kisahani cha mpira mgumu, kinaitwa paki, uzito wake kama gramu 170. Maalim hakutikisika mpaka alipoona mtu kapokea paki iliyokuja kasi kwa ncha ya gongo, ikatulia papo hapo kama imepigwa msumari. Pale alitoa kofia yake, akaiweka gotini, na hakuivaa tena usiku ule.

Kanada walifunga mawili, Jonathan Toews kisha Corey Perry. Ryan Kesler akarudisha moja. Baada ya hapo ilikuwa roho juu. Wiki moja kabla Marekani walikuwa wameshawafunga Kanada 5 kwa 3, na kipa wao, Ryan Miller, alikuwa akizuia vitu ambavyo hata kwenye televisheni huvioni mpaka virudiwe. Mwisho wa kipindi cha tatu Marekani wakamtoa kipa wao kabisa, lango likabaki wazi, wakaongeza mshambuliaji. Mchezo ule unaruhusu. Ni kama mtu aliyetia nyumba rehani. Na zikiwa zimebaki sekunde 24 na pointi nne, Zach Parise akasawazisha.

Mmoja wa wale vijana aliruka juu. Mimi nilikuwa nimekamata kichwa kwa mikono miwili.

Mapumziko kabla ya muda wa nyongeza ndipo jenereta lilipokohoa. Likakohoa tena, taa ya televisheni ikanywea ikawa kama chemni inayokwisha mafuta, kisha kukawa kimya. Wapo msioujua ukimya wa mji usiokuwa na umeme saa saba na nusu ya usiku. Mwezi ulikuwa mpevu juu ya vichwa vyetu, siku chache tu baada ya Maulidi, na kila kitu kilionekana: bati la duka, mwembe, miguu yetu, hata chapa ya ndala kwenye vumbi. Nilisikia mbwa mbali sana, upande wa Kwahani. Hakuna aliyesema neno. Maalim alikuwa akinitazama, na mimi nilijua anajua kwamba nyuma ya magunia kipo kidumu.

Niliingia ndani. Nikapita kwenye friza, nikaweka mkono juu ya mfuniko. Mama alizifunga barafu zile baada ya Magharibi, mia moja na ishirini, nilimuona mwenyewe akizungusha vifundo kwa vidole vilivyokuwa vyekundu kwa ubuyu. Saa tatu za mafuta ya ami hazikutosha kuzigandisha. Zilikuwa zinaingoja lita ya alfajiri. Nilisimama pale. Nasema nilisimama kwa sababu siwezi kudai kwamba nilifanya kwa kughafilika. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kutoka mikono mitupu nikawaambia wenzangu kesho tutasikia redioni.

Nilikichukua kidumu.

Tulikuwa tukimiminia kwa shingo ya chupa ya maji iliyokatwa. Maalim aliishika, mimi nikainamisha kidumu, na kwa mwanga wa mwezi petroli ilikuwa nyembamba na inang'aa kama uzi wa nyavu mpya. Mkono wangu ulitikisika, ikamwagika kidogo juu ya bati lililokuwa bado lina moto, ikafuka, harufu ikanijaa kichwa. Nilikuwa nasikia ikishuka ndani ya tangi, sauti yake inapanda kadiri tangi linavyojaa. Nilijiambia nitabakisha nusu. Sikubakisha. Kidumu kilipokuwa chepesi nilikitingisha, matone matatu yakatoka, nikayangoja yote matatu.

Nikavuta kamba. Mara ya pili likawaka.

Muda wa nyongeza katika fainali ile ulikuwa wanne kwa wanne badala ya watano uwanjani, bila ya kuhesabu kipa, na bao la kwanza ndilo la mwisho. Dakika ya nane haikutimia. Sidney Crosby, kijana wa miaka 22, alimpa Iginla paki kwenye kona, kando ya ukuta wa mbao, kisha akachomoka kuelekea langoni huku akimwita: "Iggy!" Iginla alikuwa na beki wa Marekani, Ryan Suter, mgongoni kwake, anamsukuma chini. Akaisukuma ile paki huku anaanguka. Crosby akaipiga papo kwa papo, ikapita katikati ya miguu ya Miller. Tatu kwa mbili.

Dunia nzima hulikumbuka kuwa bao la Crosby, na ni haki yake. Lakini nimeshaitazama picha ile mara zisizohesabika, na macho yangu hayamfuati Crosby. Yanabaki kwenye kona. Mtu anaangushwa, hana nafasi ya kutazama vizuri, na bado ile paki imetoka imenyooka, laini, imefika pale pale inapotakiwa, na yeye chini. Kwangu mimi pasi ile ni kubwa kuliko mabao yote 625 aliyofunga katika ligi yao kubwa, NHL. Hata kuliko matatu aliyowafunga Norway siku kumi na mbili kabla. Yuko atakayenibishia, na abishe, lakini aitazame kwanza ile kona.

Nilipiga kelele. Maalim akaniziba mdomo kwa kofia yake, kwa sababu watu walikuwa wamelala, naye mwenyewe machozi yanamtoka.

Mafuta yaliyobaki nilirudishia waya kwenye friza. Ninataka mliamini hili. Liliunguruma kama dakika arubaini, likazima, mbele sana ya adhana.

Mama alikuja kabla jua halijatoka, na kanga yake ya kuswalia bado begani. Alifungua friza, akachukua barafu moja, akaibonyeza. Ikabonyea. Akachukua ya pili. Kati kulikuwa na kipande kigumu kama kidole, pembeni maji mekundu. Hakutazama nyuma ya magunia. Akanitazama mimi, na jezi yangu.

"Nani kashinda?"

"Kanada, Mama."

"Na yule wako wa Nigeria?"

"Ndiye aliyetoa pasi."

Akatikisa kichwa. Akavuta kibao akaketi, akaanza kuzikata zile barafu moja moja kwa meno, anazimimina kwenye ndoo safi. Mimi nikamshikia ndoo. Zilipofika kama thelathini akauliza, bila ya kuinua uso, "Uwanja wao huo, ni barafu mtindo mmoja?"

"Mtindo mmoja, Mama. Unene wake kama inchi moja. Chini yake wamelaza mabomba ya ubaridi."

"Mkubwa?"

"Urefu kama mita 60."

Alisimama kidogo na barafu mdomoni. Akalitazama friza. "Yakhe," akasema polepole, "umeme wote huo." Akaendelea kukata.

Siku ile watoto wa chuoni walikunywa ubuyu kwa vikombe, bure, kwa sababu Mama alisema usiogandishwa hauuzwi. Wiki ya pili ya Machi umeme ukarudi, mji mzima ukapiga kelele kwa pamoja, na Mama akaanza upya na mtaji wa kukopa. Lita ile hakuniuliza siku hiyo, wala mwaka huo, wala baadaye. Nami sikusema. Kila nikitaka kusema naona nitakuwa najitua mzigo mimi huku nikimtwisha yeye kitu ambacho huenda alishakiweka chini zamani. Au huenda ndivyo ninavyopenda kuamini. Sijapata jibu, na Maalim, ambaye ningeweza kumuuliza, keshatangulia mbele ya haki.

Mama anakaa kwangu sasa, macho yamepungua nguvu. Jana umeme ulipokatika alikuwa kitandani, mlango wazi. Harufu ilipoingia nilimsikia akivuta pumzi ndefu. Nikangoja.

"Mwanangu."

"Labeka."

"Yule wa Nigeria anacheza bado?"

Nikamwambia aliacha mwaka 2018. Nikamwambia mwaka 2020 walimchagua kuwekwa kwenye jumba la heshima la wachezaji wao. Kombe lenyewe, Stanley Cup, hakuwahi kulipata. Akanyamaza kwa muda, nikadhani amelala. Kisha akaniambia nikatazame kama binti yangu kaufunga vizuri mfuniko wa friza, maana umeme haujulikani utarudi saa ngapi, na baridi ikishatoka imetoka.

Nilikwenda nikautazama. Ulikuwa umefungwa. Nikasimama pale gizani na mkono juu yake mpaka umeme uliporudi.