Nilivyosanifu propela ya ndege yangu kwa kuanza na ukinzani wa hewa

Ndege yangu haina rubani, ina kilo 3, inaendeshwa kwa mota ya umeme na kazi yake ni kupiga picha za ardhi. Nilitaka ikae angani zaidi ya saa nzima. Ushauri nilioupata mara nyingi ni kuongeza betri. Lakini betri ni mzigo. Mzigo unadai kani zaidi ya kuinua, na kani hiyo nayo huzaa ukinzani. Sehemu kubwa ya betri uliyoongeza inaishia kujibeba yenyewe. Nikaamua kushughulikia propela.

Propela huwezi kuisanifu kabla ya kujua inatakiwa isukume kiasi gani, na kwa kasi ipi. Hatua hii wengi huiruka. Wanachukua mota, wanaifunga propela ya dukani, wanapima msukumo wake mezani, basi. Mimi nilianza na mwili wa ndege. Nilifunga kwa muda propela ya kukunja, nikaipandisha ndege hewa ikiwa imetulia kabisa, kisha nikazima mota. Mapanga ya propela yakalala ubavuni mwa ndege, ndege ikawa inateleza tu. Kipimashinikizo kilichokuwa ndani kiliandika kimo, na kipimakasi kikaandika mwendo. Kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, ndege ilishuka mita 1.5 kila sekunde.

Namba hizo mbili zinakueleza karibu kila kitu. Kilo 3 ni uzito wa nyutoni 29.4. Zidisha kwa 1.5, unapata wati 44, yaani nguvu inayohitajika kuishinda hewa katika kasi hiyo. Gawanya 44 kwa 15, unapata ukinzani wa nyutoni 2.9 hivi, sawa na uzito wa gramu 300 tu. Nilifurahi sana kuiona namba hiyo ikitoka kwenye ndege halisi, yenye waya zake, kamera yake na mianya yake yote, mambo ambayo mchoro wa kompyuta huyasahau. Nilipima pia kwa kasi nyingine. Ikienda polepole mno ukinzani unapanda tena, kwa sababu mabawa yanalazimika kukabili hewa kwa pembe kubwa na mizunguko ya hewa kwenye ncha zake inakuwa na nguvu zaidi.

Kipenyo ndicho kilichofuata, na hapa nadharia ya wahandisi Rankine na Froude, iliyotungwa karne ya 19 kwa ajili ya meli, bado inatawala. Msukumo unatokana na wingi wa hewa unayoisukuma na kasi unayoiongezea. Ila nishati unayoiacha nyuma inakua kwa mraba wa kasi hiyo. Kwa hiyo ni nafuu kusukuma hewa nyingi kwa upole kuliko hewa kidogo kwa fujo. Kwa nyutoni zangu 2.9, propela yenye kipenyo cha mita 0.20 haiwezi kuvuka ufanisi wa asilimia 87, hata ikitengenezwa kwa ustadi wa namna gani. Ya mita 0.33 inaruhusu hadi asilimia 94. Ni sababu hiyo hiyo iliyozifanya injini za ndege za abiria zinenepe: baadhi ya zile mpya hupitisha sehemu zaidi ya 10 za hewa nje ya kiini, sehemu inayochoma mafuta, kwa kila sehemu moja inayoingia ndani. Mimi nilisimama kwenye mita 0.33 kwa kuwa miguu ya ndege haikuruhusu zaidi.

Kisha panga lenyewe. Wilbur na Orville Wright walipokuwa wanatengeneza ndege yao ya 1903 waliichukulia propela kuwa ni bawa linalozunguka, wakafikia ufanisi wa takriban asilimia 75 kwa mbao na zana za mkono. Kila nikifikiri kwamba hawakuwa na kompyuta, nawaheshimu zaidi. Nilifuata njia hiyo hiyo. Niliandika programu fupi inayokata panga katika vipande 20, kila kipande kikahesabiwa kama bawa dogo lenye kasi yake na pembe yake, nikaongeza sahihisho la Ludwig Prandtl, mtaalamu wa mwendo wa hewa, kwa hewa inayokwepa kwenye ncha. Kwa mizunguko 4200 kwa dakika, ncha inakwenda mita 73 kwa sekunde, lakini robo ya kwanza kutoka katikati inakwenda mita 18 tu. Ndege ikisonga mbele kwa mita 15, hewa inaikabili ncha kwa pembe ya digrii 12 na ile sehemu ya ndani kwa digrii 40. Msokoto wa panga unatokana na hapo. Ukijumlisha pembe inayozaa kani, panga langu lilianza na digrii 45 upande wa ndani na kuishia na 16 kwenye ncha.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni upana wa panga. Hesabu safi ilitaka panga jembamba, lenye upana usiofika sentimita 1.5, ili kila sehemu ibebe kani ya kutosha na kufanya kazi katika pembe yake bora. Ila kwenye propela ndogo kuna namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa hewa na mnato wake. Katika robo tatu ya urefu wa panga, upana wa sentimita 1.5 unakupa namba ya Reynolds isiyofika 60,000. Katika eneo hilo hewa hutiririka kwa utulivu juu ya mgongo wa panga, halafu hubanduka mapema kwa sababu haina nguvu ya kupambana na shinikizo linalopanda kuelekea nyuma. Hapo hutokea kifuko cha hewa iliyonaswa, na ukinzani huongezeka ghafla. Nilikagua mikato mbalimbali ya panga kwa XFOIL, programu ya kukokotoa mtiririko wa hewa kwenye mkato wa bawa, iliyoandikwa na Mark Drela wa chuo cha MIT, Marekani, nikaona tofauti waziwazi: kupanua panga hadi sentimita 2.2 kulifikisha namba hiyo kwenye 85,000, na kifuko kikafupika. Ndiyo, panga pana lina eneo kubwa zaidi la msuguano. Kwa mkato mwembamba niliouchagua, faida ilikuwa kubwa kuliko hasara. Pia upana huo uliniachia akiba ya kupandia, wakati mota inapodai msukumo mkubwa na panga jembamba lingekuwa tayari linapoteza hewa.

Mota niliichagua mwisho kabisa, kwa namba tatu tu: mizunguko kwa kila volti, ukinzani wa waya zake dhidi ya umeme na mkondo inaotumia ikizunguka bila mzigo. Ile ya mizunguko 450 kwa volti iliangukia mahali pazuri.

Nilichonga kwa mbao ngumu zilizounganishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka. Vipimo vya kadi ngumu vilikaa kila sentimita 2 ili kukagua mkato na pembe. Ukingo wa nyuma ndio unaotesa. Ukiuacha mnene unapoteza ufanisi, ukiukonda mno unapasuka kufuata nyuzi za mbao. Niliusugua kwa msasa laini nikiwa nimeuegemeza kwenye kipande cha mbao, nikautia gundi nyembamba inayonywewa na mbao, kisha nikausugua tena. Baada ya kusawazisha uzito wa mapanga mawili, nilijaribu kwenye kizimba, nikisimama nyuma na kamwe si ubavuni mwa mzunguko, kwa sababu panga likikatika huruka upande huo.

Mezani, propela ya dukani ilivuta kwa nguvu kuliko yangu. Nililitarajia hilo. Ya dukani ilikuwa na pembe ndogo, na pembe ndogo hupendeza ndege ikiwa imesimama. Pembe zangu zilipangwa kwa hewa inayokuja kwa mita 15 kwa sekunde. Bila hewa hiyo sehemu ya ndani ya panga hubanduliwa hewa.

Angani mambo yaligeuka. Kwa mwendo ule ule na kimo kile kile, propela ya dukani ilihitaji mizunguko zaidi ya 5500 kwa dakika na betri ikatoa wati 89. Yangu ilitumia 76. Hesabu ilikuwa imetabiri 72. Hizo 4 zilizozidi nazihusisha na ule ukingo wa nyuma, ambao kwa mbao haufiki wembamba wa kwenye mchoro, pamoja na mwili wa ndege unaopigwa na mkondo wa propela. Kwa betri ambayo natumia saa-wati 80 zake, dakika 54 zimekuwa 63.

Kupanda ndiko bado kuna upungufu: ndege inachukua muda zaidi kufikia kimo, na mota inapata joto kuliko zamani. Kwa safari ya saa nzima naikubali gharama hiyo. Anayepanda na kushuka mara kwa mara apunguze digrii 2 au 3 katika panga zima, kisha apime tena angani.