Kumbukumbu ya mradi: paneli ya grotesko (pambo la viumbe vya kubuni vilivyochanganywa na mimea) kwa kalamu ya unyoya

Paneli ina sentimita 20 kwa 30, kwa mtindo wa mji wa Antwerp wa miaka ya 1550, enzi ya mchongaji na mbunifu wa mapambo Cornelis Floris: mikanda minene inayojikunja, na viumbe nusu mtu nusu jani waliobanwa ndani yake.

Mhimili, yaani mstari wa katikati unaobeba pambo, umekamilika kwa mkaa: chini sura ya kinyago, juu yake chungu, kisha bua, kisha kiwiliwili. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliwalaumu warembaji wa Roma kwa kusimamisha mabua mahali pa nguzo na kuotesha nusu-watu kwenye mashina. Kasri la Kaisari Nero huko Roma lilipofukuliwa karibu na mwaka 1480, wachoraji wakaiga mapambo hayohayo waliyoyakuta humo, na mchoraji Giovanni da Udine akayaeneza kwenye Loggia (ukumbi wa wazi wenye matao) ya Raphael huko Vatican. Lawama ile ina faida kwa mchoraji: bua lisiloweza kubeba kitu lazima lionekane limebeba. Kiumbe kinachoelea bila kushikwa na kilicho chini yake huharibu paneli nzima.

Pagumu zaidi ni kiunoni. Ukikata mwili kwa mstari mlalo, jani huonekana sketi. Anza jani kwenye nyonga, na uti wa jani uendeleze mkunjo wa uti wa mgongo bila kuinua kalamu.

Wino: gramu 60 za vinundu vya mwaloni (uvimbe unaoota kwenye mti huo kwa sababu ya wadudu), vilivyopondwa na kulowekwa kwenye lita moja ya maji kwa siku kadhaa, chuja, ongeza gramu 40 za salfeti ya chuma, kisha gramu 30 za gundi ya mgunga. Huandika kwa rangi hafifu, halafu hukolea ukikutana na hewa. Usiongeze salfeti ukitafuta weusi wa haraka. Chuma kinachozidi, pamoja na asidi ya wino, hula karatasi, na huanzia pale wino ulipotuama.

Ndiyo maana mistari ya kivuli inayokatizana huchorwa tabaka la kwanza likishakauka kabisa. Karatasi nayo ipakwe jeletini, la sivyo wino husambaa. Unyoya wa bata bukini uimarishwe kwa mchanga wa moto. Moto ukizidi, mrija hupasuka ukichongwa.

Upande wa kushoto una wino tayari. Wa kulia utahamishwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta na kugeuzwa, ila kichwa cha ndege kitabadilishwa kuwa cha mbuzi. Michoro mingi ya wakati ule iliweka chaguo tofauti kila upande ili fundi achague. Vivuli vya nyuma ya mikanda vitafuata, mwanga ukitoka kushoto juu.