Jina Juu ya Tangi

Jumapili, usiku.

Kwa muda sasa nina daftari lenye safu mbili, "waliotengeneza" na "waliounganisha", ambamo nimekuwa nikiwapanga watu walioanza kuunda pikipiki nchini Australia kabla na baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Safu ya pili ilijaa upesi. Wengi wao walikuwa mafundi baiskeli walioagiza injini kutoka ng'ambo, iwe JAP ya London, Minerva ya Ubelgiji au Precision ya Birmingham, wakaifunga kwenye fremu yao, kisha wakapaka tangi rangi na kuliandika jina lao. Nakiri kwamba niliwaandika humo kwa dharau kidogo.

David Spencer wa Brisbane hakunisumbua hata kidogo, kwa sababu karibu mwaka 1906 aliunda injini yake mwenyewe, katika mji uliokuwa mbali mno na viwanda vya Ulaya.

Aliyenisumbua ni Vivian Lewis wa Adelaide. Alianza kwa baiskeli, akaingia kwenye pikipiki, na baadhi ya pikipiki zake zilikuwa na injini iliyopozwa kwa maji, wakati ambapo nyingi zilitegemea upepo tu. Ukikumbuka kwamba pikipiki za siku zile ziliendeshwa kwa mkanda wa ngozi ulioteleza mvua iliponyesha, na kwamba mpandaji alipampu oili kwa mkono huku akiendesha, utaona kuwa mtu aliyefikiria joto la Australia Kusini hakuwa akibandika jina tu.

Kisha yupo Saville Whiting wa Melbourne, ambaye ndiye nimpendaye kuliko wote. Yeye aliitazama barabara kabla ya kuitazama injini, akabuni fremu iliyobebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, mfano wa zile za magari ya farasi, ili mashimo yasimvunje mpandaji mgongo. Mwaka 1914 aliipeleka kazi yake Uingereza, mwaka mbaya kuliko yote kwa mtu mwenye pikipiki mpya ya kuuza. Baada ya vita akaunda nyingine yenye silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, lakini haikufika sokoni. Injini za mwanzo alizotumia zilikuwa za watu wengine, kwa hiyo kwa kanuni yangu angekaa na waunganishaji, jambo ambalo mkono wangu umekataa kuliandika.

Usiku huu nimemfuta Lewis kwenye safu ya pili na kumhamishia ya kwanza, pamoja na Whiting. Waratah ya Sydney, yenye jina zuri la ua jekundu la New South Wales, ilidumu hadi miaka ya 1940, ingawa mwishoni ilikuwa pikipiki ya Kiingereza iliyobadilishwa jina, yenye injini ya Villiers. Hiyo nimeiacha pale pale ilipokuwa, kwenye safu ya pili.