Mombasa kwa Pesa Kidogo: Nilipanga Siku Zangu kwa Maji na Jua

Kabla ya kuulizia nauli, niliangalia mwezi. Wenyeji wa Pwani wataelewa mara moja, sisi wa bara ndio hutuchukua muda. Bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, kisha hujaa kwenye saa kumi jioni, jua likiwa limeanza kupoa. Asubuhi unatembea juu ya miamba, jioni unaogelea, na hakuna anayekudai hata shilingi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo safari iliyopangiwa bamvua inakupa siku chache nzuri mfululizo. Ukienda maji yakiwa yamepwa jioni, utajikuta umekaa mchangani ukitazama mwani, na hapo ndipo watu huanza kutafuta burudani za kulipia.

Nauli ya treni ya SGR kutoka Nairobi, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Nilikata tiketi mapema kwa simu, kupitia *639#, maana siku za sikukuu nafasi huisha upesi. Nilichagua treni ya asubuhi, ile inayosimama njiani, kwa sababu inapita Tsavo mchana na mtu anaweza kuona tembo kutoka dirishani bila kulipa kiingilio cha mbuga. Ukishuka Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, utapokewa na wenye teksi wengi. Wapite kwa heshima, uulizie matatu za mjini.

Chumba nilichukua mjini kwenyewe, upande wa Mwembe Tayari, si ufuoni. Gesti za mjini ni za bei ya kawaida kwa sababu wateja wake ni wafanyabiashara na wasafiri wa mabasi. Niliomba ghorofa ya juu kabisa. Ngazi ni nyingi, lakini huko upepo unaingia na feni inatosha. Maji ya bombani mara nyingi ni ya chumvi, ya kuoga tu, kwa hiyo nilinunua dumu la maji ya kunywa nikawa najaza chupa yangu kila asubuhi. Anayenunua chupa moja moja juani atashangaa jioni akipiga hesabu.

Kwenye chakula sikujinyima hata kidogo. Mombasa ni mji ambao chakula chake kitamu zaidi kinauzwa barabarani. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na ukishiba hivyo hutafikiria chakula hadi alasiri. Jioni nilikuwa naenda Mama Ngina, ile bustani ndefu ya kando ya bahari yenye mibuyu mikubwa, iliyokarabatiwa mwaka 2019. Kuna mama mmoja pale, muuza viazi karai, niliyemzoea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo wataka vya ukwaju ama vya pilipili?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi kaa hapo upunge upepo, mafuta yapate moto."

Viazi karai vyake huchovywa kwenye uji wa unga wenye rangi ya manjano, vikitumbukizwa karaini hupiga kelele, na anavitoa ganda likiwa bado laini kwa ndani. Anavipasua katikati kwa kisu, anamimina ukwaju mzito hadi uchuruzike, halafu anakupa kwenye sahani ndogo. Karibu yake yupo anayechoma mihogo na kuipaka pilipili na ndimu, na mwenye madafu. Dafu ukishalinywa, usilitupe. Mwambie akupasulie: atakata kipande cha ganda kiwe kijiko, nawe ule nyama yake. Kwa bei ya kinywaji kimoja umekunywa na umekula.

Na hapo hapo Mama Ngina, bila tiketi, unaona meli za makontena zikiingia bandari ya Kilindini. Zinapita karibu mno, unaweza kusoma jina ubavuni. Mimi ningeweza kukaa pale kila jioni ya maisha yangu.

Mji wa Kale niliutembelea kwa miguu, asubuhi kabla ya joto. Vichochoro vyenyewe vimejengwa vyembamba ili viwe na kivuli, milango imechongwa, na wazee wanakunywa kahawa tungu kutoka kwenye dele, birika la kahawa lenye makaa chini yake. Kikombe ni kidogo, bei yake ni ndogo, na kashata ya pembeni inakata uchungu. Vaa nguo za heshima, salimia watu, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Salamu nzuri pale ilinipatia maelezo ya nyumba na misikiti ambayo kiongozi wa kulipwa asingenipa.

Mahali pekee nilipolipa kiingilio kwa moyo mkunjufu ni Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi 1698, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Tafuta michoro ya meli ambayo Wareno waliichora ukutani kwa rangi nyeusi na nyekundu. Mistari ni ya mtu asiye msanii, aliyekuwa akiwazia bahari, na mbele ya ile michoro nilisimama muda mrefu kuliko mbele ya mizinga yote.

Kwa kuogelea nilipanda matatu hadi ufuo wa umma wa Bamburi, unaoitwa Pirates. Wikendi umejaa familia, watoto na matairi ya kuelea ya kukodisha. Siku za kazi ni mtulivu. Nilikwenda na leso mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifutia, na viatu vya plastiki vya kutembelea miambani maji yakipwa, maana kuna viumbe wenye miiba mirefu kwenye madimbwi. Pesa na simu nilimwachia mwenzangu kwa zamu. Kama uko peke yako, beba nauli tu. Atakayekuja na ngamia au boti, patana bei na muda kabla ya kupanda, na ukikataa, kataa mapema kwa upole.

Feri ya Likoni nayo ni bure kwa anayevuka kwa miguu. Ukishuka ng'ambo, kuna matatu za Ukunda, na kutoka Ukunda ni mwendo mfupi hadi mchanga mweupe wa Diani. Ondoka mjini alfajiri, kabla feri haijafurika watu wa kazini, na uvuke kurudi kabla ya giza. Beba mkate na maembe kutoka soko la Marikiti mjini, kwa sababu vyakula vya ufuoni Diani vimepangiwa bei ya watalii.