Siku Moja Maishani Mwangu: Ganzi ya Upasuaji wa Kifua kwa Kamera, Dodoma

Saa 12:30 asubuhi. Kazi yangu ni ganzi, na leo napiga ile ya chini ya misuli ya mgongo (erector spinae plane block). Kabla ya chai naiwasha mashine ya ultrasaundi na kutazama chaji ya betri. Umeme ukikatika sindano ikiwa ndani, betri ndiyo itakayoendelea kunionyesha ncha. Probu, kile kifaa kinachoshikwa juu ya ngozi, ni ile bapa ya mawimbi ya juu. Naipangusa vizuri, maana vumbi la Dodoma msimu wa upepo linapenya hata kabati lililofungwa. Pembeni naweka sindano butu ya geji 22 yenye urefu wa milimita 80, glavu tasa, na chupa ya mafuta ya mshipani ya asilimia 20, ya kumwokoa mgonjwa dawa ya ganzi ikimdhuru. Chupa hiyo naomba isihitajike, lakini nisipoiona kwa macho yangu sipigi ganzi.

Saa 1:15. Wodini. Mgonjwa wa kwanza ni mzee kutoka upande wa Mpwapwa, kilo 54, ana usaha ulioganda kuzunguka pafu la kulia. Utaondolewa kwa kamera kupitia matundu matatu. Matundu ni madogo, maumivu si madogo. Neva inapita chini ya ukingo wa ubavu, kamera ikiegemezwa hapo inaibana muda wote, kisha mpira wa kifua, wa kutolea majimaji, unabaki ukisugua. Mwenye maumivu hakohoi. Asipokohoa makohozi yanatuama, sehemu ya pafu inanywea, na nimonia inafuata. Kwa hiyo kipimo chetu leo ni kikohozi.

Baada ya shikamoo na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, swali lake ni lile la karibu kila mgonjwa:

"Mwanangu, sindano ya mgongo si itanipoozesha?"

"Hapana, mzee wangu. Haifiki kwenye uti wa mgongo. Inaishia juu ya mfupa wa pembeni, chini ya misuli. Miguu utaichezesha leo hii hii."

Namuuliza kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda, mzio, na naangalia ngozi ya mgongo. Penye jipu au kidonda hatuchomi.

Saa 2:00. Hesabu, na hapa hatuna haraka. Kikomo cha bupivakeini, dawa yetu ya ganzi, tunachotumia ni miligramu 2 kwa kilo, yaani 108 kwa mzee huyu. Nachukua mililita 15 za asilimia 0.5, naongeza 5 za maji ya chumvi: mililita 20 zenye miligramu 75. Zinabaki 33. Daktari wa upasuaji anapenda kuchoma matundu mwenyewe mwishoni, basi namwandikia ubaoni: mililita 10 za asilimia 0.25, miligramu 25, basi. Jumla 100. Kosa la kawaida ni kila mtu kuhesabu dawa yake peke yake. Hata lignokeini kidogo ya kufisha ngozi inaingia kwenye hesabu, kwa sababu sumu za dawa hizi hujumlishana.

Saa 2:30. Ameketi, amekumbatia mto, monita imefungwa, kanula inafanya kazi. Ncha ya chini ya mfupa bapa wa bega iko karibu na pingili ya 7 ya kifua; nahesabu kupanda hadi ya 5. Probu inasimama wima, sentimita 3 kutoka katikati, upande wa kulia.

Hapa ndipo wanaoanza hupotea. Ukiona mifupa ya mviringo na kati yake mstari unaong'aa ukiteleza kwa kila pumzi, hizo ni mbavu, na mstari huo ni utando wa pafu. Rudi kuelekea katikati mpaka kivuli cha mfupa kiwe bapa na kipana: hicho ndicho chomozo la pingili. Ukizidisha, unaona ukuta mmoja wa mfupa usiokatika, umepita.

Sindano inaingia kwa mshazari, ncha ikionekana muda wote, hadi iguse mfupa. Mililita 2 za maji ya chumvi kwanza. Misuli ikiinuka kutoka kwenye mfupa kama shuka linalopulizwa, uko mahali pake. Ikivimba yenyewe, uko ndani ya misuli, sukuma kidogo. Kisha dawa, mililita 5 kwa 5, ukivuta bomba kila mara kutafuta damu. Mgonjwa akisema ulimi una ladha ya chuma, masikio yanavuma au midomo inakufa ganzi, acha hapo hapo. Akipata degedege au moyo ukienda mrama, mafuta yale: mililita 1.5 kwa kilo, kwake 81, kwa dakika 2 hadi 3.

Tangu daktari wa ganzi Forero na wenzake walipoieleza ganzi hii mwaka 2016 imependwa kwa sababu iko mbali na pafu. Nakiri kwamba ile inayopigwa karibu zaidi na neva, pembeni mwa uti wa mgongo, hutegemewa zaidi kufika mbele ya kifua. Lakini ikikosewa inaweza kutoboa pafu. Kwa mikono michache na mashine moja, naichagua hii.

Saa 3:10. Pamba yenye spiriti kifuani. Upande wa kulia anasema baridi imefifia. Nusukaputi, mrija wa kupumulia wa njia mbili (kila pafu na njia yake), anageuzwa ubavu.

Saa 6:40 mchana. Ameamka. Maumivu 2 kati ya 10, lakini bega la kulia linamuuma. Ganzi haijashindwa: maumivu hayo yanapitia neva ya kiwambo (msuli wa kupumulia chini ya mapafu) inayotoka shingoni, na dawa ya mgongoni haiifikii. Paracetamol gramu 1 ya mshipani ndiyo jibu, si kurudia sindano.

"Kohoa, mzee." Anakumbatia mto, anakohoa kwa kina, na maji kwenye chupa ya mpira wa kifua yanapanda na kushuka.

Saa 11:00 jioni. Makabidhiano. Ganzi ya saa 2:30 inaweza kufifia kuanzia jioni hii hadi usiku wa manane, kwa hiyo paracetamol ni kila saa 6 hata akisema haumwi. Diklofenaki hapana, figo zake haziko sawa. Mofini miligramu 2 ipo akizidiwa. Kwenye karatasi ya kitandani naandika kwa herufi kubwa: DOZI IJAYO SAA 1:00 USIKU, HATA AKIWA AMELALA.