Siku moja na leso yangu: ukili wa bibi, zidaka za babu

Saa 11 alfajiri. Adhana ya msikiti wa mtaani kwetu, Langoni, mjini Lamu, hunikuta macho. Nikishaswali, natandaza karatasi juu ya mkeka kabla punda hawajaanza kupita na mizigo ya mawe na mchanga. Leo nataka kumaliza mchoro wa leso (kanga) nilioianza tangu Shaabani. Mchoro ni sentimita 30 kwa 22. Nguo yenyewe itakuwa 150 kwa 110, kwa hivyo kila sentimita moja ya kalamu yangu itakuwa tano kiwandani, na kosa langu litakuzwa vivyo hivyo.

Leso ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno yanayoandikwa juu yake. Mara nyingi nikiagizwa leso "ya Lamu" huambiwa nichore mlango wa nakshi, jahazi na punda. Nimechora nyingi na wanunuzi wamezipenda. Lakini mimi nimekuzwa na bibi mzaa mama, mwenyeji wa Faza, aliyesuka ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, tangu asubuhi hadi magharibi, na babu mzaa baba, fundi wa chokaa. Hii nataka mtu wa kwetu akiiona ajue ni ya kwetu.

Saa 2. Pindo. Nimeshaamua liwe ukili: chane za miyaa, yaani majani yaliyochanwa membamba, zinazopandana kwa mshazari, nyekundu kisha nyeusi. Kulichora ni rahisi mpaka ufike pembeni. Pindo langu ni sentimita 15, basi ndani unabaki mji wa 120 kwa 80. Jana fungu moja la chane nililifanya sentimita 7, likakatika kabla ya pembe. Asubuhi hii nikajaribu 8: upande mrefu mafungu 15, mfupi 10, yote kamili, nikafurahi. Kisha nikapaka rangi. Mafungu 15 ukianza na nyekundu unamaliza na nyekundu, ila 10 humaliza na nyeusi, kwa hivyo pembe mbili zilipatana na mbili zikagombana. Nimekaa nayo saa nzima. Mwisho nikaweka fungu la sentimita 10, likanipa 12 na 8, na rangi zikazunguka nguo nzima bila kugongana. Bibi hakuwa na rula. Alihesabu chane kwa vidole, huku akizungumza na majirani.

Saa 4. Naenda mtaa wa Mkomani, kwenye ile nyumba ya Waswahili iliyofanywa makumbusho, kuangalia zidaka, yale matundu ya kuwekea vyombo yaliyojengwa ukutani. Nimeziona tangu utotoni, lakini kuona si kuchora. Nakaa sakafuni mbele ya ukuta wa ndani, nachora upinde wa kila kimoja na kivuli chake. Kivuli ndicho kinachokifanya kidaka kiwe na kina, nami nina rangi mbili tu, basi tundu litakuwa jeusi na mdomo wake mwekundu. Zamani watu walipanga humo sahani na mabakuli ya kaure. Zangu nimeziacha tupu. Babu alikarabati zidaka za nyumba za watu, na vyombo vilikuwa vya wenyewe.

Nilitaka kidaka kimoja kikubwa katikati. Nimekiacha, kwa sababu leso ikifungwa kiunoni sehemu ya mji huingia kwenye mikunjo, na kidaka kikubwa kingekatika nusu. Vidogo vilivyopangwa safu havipotei hata ikunjwe vipi.

Saa 6. Swala, wali wa nazi na samaki, usingizi kidogo.

Saa 9. Rangi. Kiwandani kila rangi ina skrini yake ya kuchapia, na kila skrini ni gharama. Nyeupe naipata bure, ni nguo yenyewe. Nyekundu, nyeusi na nyeupe ndizo rangi za kisutu pia, leso ya harusi, nami sijachoka kuziangalia.

Saa 10. Nampelekea Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyesuka pamoja na bibi. "Ndoo (njoo), mwanangu, nisomee jina." Nikamsomea: CHANE MOJA SI UKILI. Nililipenda sana. Akanyamaza, akapitisha kidole juu ya pindo, kisha akaniuliza nani atalivaa. "Mtu akipita nalo mbele ya mjane, au ya yule asiyeolewa, atasema kaambiwa yeye. Leso husema hata mwenyewe akinyamaza."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeandika methali na nikasahau kwamba itatembea barabarani mgongoni mwa mtu. Nikamuuliza Mama Mkubwa, bibi alikuwa akisema nini alipokuwa akisuka. Hakufikiri hata kidogo. Ncha ya ukili bibi aliibana kwa dole gumba la mguu, na mguu ukichoka alimwita mtoto yeyote aliye karibu. Mara nyingi mtoto huyo alikuwa mimi, na neno lenyewe ninalisikia hadi leo.

Saa 2 usiku. Nimefuta kisanduku chote cha jina na kuandika upya kwa herufi kubwa. Kisanduku cha sentimita 60, herufi 18 na nafasi mbili, sentimita tatu kwa kila moja. Imeenea sawasawa:

NISHIKIE NCHA NISUKE